Mtaa, Afya na Shule: Tuhame au Tukaushe Dimbwi?

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Shinyanga



Sisi si waganga, wala si wakaguzi wa shule. Sisi ni makarani, na elimu yetu ni ile ya sekondari ya misheni pamoja na ile tuliyoipata mezani. Lakini karani huona jambo moja ambalo wakubwa wake hawalioni upesi, nalo ni orodha. Jina la mgonjwa hupita mikononi mwetu, na jina la mtoto aliyeandikishwa shule, na jina la mwenye kiwanja. Mtu akiziweka orodha hizo tatu juu ya meza moja, ataona kwamba penye viwanja visivyopimwa ndipo penye wagonjwa wengi, na ndipo penye darasa lililofurika. Kwa ajili hiyo tumechagua kusema juu ya kutengwa kwa mitaa, na jinsi kunavyogusa afya na elimu.

Tena tunayo sababu iliyo karibu zaidi. Ninyi nyote mnajua kwamba kamati imeleta shauri: chama kinunue shamba nje ya mji, kilipime kuwa viwanja vikubwa kwa wanachama tu, kijenge ukuta, kichimbe kisima kirefu, na ndani ya ukuta huo kianzishe shule ya kulipia. Kura itapigwa katika mkutano ujao. Hatukuja kulipinga shauri hili kwa hasira, maana sisi wenyewe tulipoisoma karatasi ile mara ya kwanza tulifurahi. Tumekuja kuomba lifikiriwe tena, na ili lifikiriwe vema yafaa tuanze na habari ya zamani.

Mwaka 1897, daktari wa jeshi la Kiingereza huko India, jina lake Ronald Ross, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Kabla ya hapo watu wengi walisadiki kwamba homa hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi. Basi baada ya kujulikana kwamba mbu ndiye mchukuzi, yalitokea mashauri mawili.

Shauri la kwanza lilikuwa la Ross mwenyewe: kausheni madimbwi, fukieni mashimo, mbu akose mahali pa kuzalia. Mwaka 1902 aliitwa Ismailia, mji wa Misri kando ya Mfereji wa Suez, ambao ulikuwa ukisumbuliwa sana na homa. Madimbwi yakafukiwa na maji yaliyotuama yakaondolewa, na katika miaka michache homa ikapungua hata ikakaribia kwisha. Shauri la pili lilitoka Sierra Leone. Huko, mwaka 1900, madaktari wawili, Stephens na Christophers, walipima damu ya watoto wa Kiafrika wakakuta vimelea ndani yake. Wakasema njia iliyo rahisi kwa Mzungu ni kulala mbali na Mwafrika. Hivyo mwaka 1904 yalifunguliwa makazi ya Wazungu juu ya kilima nje ya Freetown, na reli ikajengwa ya kuwapandisha jioni na kuwashusha asubuhi waende kazini.

Tuyatazame mashauri haya mawili kwa makini, maana ndiyo kiini cha maneno yetu. La kwanza liliondoa dimbwi, na kila aliyekaa mjini akapata nafuu, mkubwa kwa mdogo. La pili liliacha dimbwi pale pale, likawahamisha wachache. Na kwa bahati mbaya ni lile la pili lililosafiri mbali. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kutazama hali ya usafi katika miji ya Afrika Mashariki, naye akashauri miji igawanywe kwa mataifa, na katikati pawe na uwanja mtupu. Katika Dar es Salaam Wadachi walikuwa wamekwisha kuweka sheria ya majengo tangu 1891, na Waingereza walipotawala, uwanja wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi uwe mpaka kati ya Uhindini na Kariakoo ya Waafrika. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yangali vinywani mwa watu katika miji mingi hata leo.

Angalieni pia hila iliyokuwamo. Mara nyingi sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja nyumba yake. Upande huu, ilisema, zijengwe nyumba za mawe peke yake. Upande ule vibanda vya miti na udongo vyaruhusiwa. Lakini bomba, mfereji wa maji machafu, taa na barabara vilifuata nyumba za mawe. Mtu aliruhusiwa kujenga kibanda, kisha akanyimwa maji kwa sababu anakaa kibandani. Na watoto vivyo hivyo: palikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila moja na fungu lake, hata baada ya Uhuru ndipo mpango huo ulipoondolewa na shule zikawa za watoto wote.

Basi rangi iliondolewa katika sheria. Je, mstari nao uliondoka? Hapana, ulibadili jina. Sisi tunaoandika hati za viwanja twajua kwamba siku hizi twaandika ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Penye ujazo mdogo kiwanja ni kipana na barabara ni pana, na gari la taka laweza kuingia. Penye ujazo mkubwa gari hupita kwa shida. Na nje ya hapo wako wale ambao hawakupata kiwanja chochote, wakajenga kabla ya mpimaji kufika. Kwao hakuna njia ya gari, wala hakuna mahali palipoachwa kwa ajili ya zahanati au shule. Hakuna mtu aliyekaa na kuamua kwamba watu hawa wakose maji. Ilitosha kwamba kila huduma ifuate ramani, nao hawamo katika ramani.

Katika nchi yetu hii ya migodi, mstari ulipata na umbo la uzio. Desturi ya kuwafungia wachimbaji ndani ya uzio ilianza katika almasi za Kimberley, Afrika ya Kusini, tangu 1885. Hapa kwetu, mwaka 1940, Dakta John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, alivumbua almasi Mwadui, na pakaota mji kamili ndani ya uzio: hospitali, shule, umeme, maji ya bomba na viwanja vya michezo. Nyumba ziligawanywa kwa ngazi ya kazi, na siku zile ngazi ya kazi ilifuata rangi. Nje ya lango, kando ya barabara ya kwenda Mwanza, pako Maganzo. Mzee yeyote wa hapo anaweza kuwaeleza maana ya kuona taa za umeme usiku kucha huku yeye anawasha kibatari.

Geita nako, mgodi wa zamani ulianza katika miaka ya 1930 ukafungwa 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilikuta watu 1,739,530 katika mkoa huo. Ile ya 2022 ikakuta 2,977,608. Ni mpimaji gani awezaye kwenda mbio kama watu hao? Uzio wa mgodi unazo sababu zake, yaani baruti, mashimo na wezi, wala hatuzikatai. Lakini mfanyakazi aliye ndani anapimwa afya yake kwa kanuni, na aliye nje, katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamagasa au Mgusu, hushika zebaki kwa mkono mtupu na kuichoma juu ya moto uani kwake, pale pale wanapocheza watoto. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Rwamagasa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta dalili za sumu hiyo katika miili ya baadhi ya wachomaji. Na mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wafanyao kazi mashimoni katika Geita, Kahama na Chunya, ambao wengine huikosa shule kwa sababu hiyo. Mvuke wa zebaki na mwanafunzi aliyekosekana darasani vyatoka katika ua mmoja.

Sasa tueleze jinsi mtaa unavyoingia mwilini mwa mtoto. Mtaa usio na bomba huchimba visima vifupi, na mtaa uliobanana huchimba vyoo karibu na visima hivyo. Mvua zikinyesha, maji ya shimo moja huyatembelea maji ya shimo la pili, kisha huja kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Karibu na Ziwa na penye madimbwi, watoto wanaochota maji na kuoga huko hupata kichocho. Malaria nayo ingali nasi: uchunguzi wa taifa wa 2022 ulikuta vimelea katika damu ya watoto wadogo 8 hivi katika kila 100 kwa nchi nzima, na mikoa yetu ya Shinyanga na Geita ilikuwa juu ya kiasi hicho. Mtoto mwenye kichocho, minyoo na malaria hupungukiwa damu. Huja shuleni, hukaa dawatini, lakini husinzia. Mwalimu huandika kwamba ni mvivu, na karani hunakili neno hilo katika faili.

Ongezeni na bei ya maji. Mji wetu wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa, mpaka mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria yalipofika kwa mabomba kutoka Ihelele. Ni jambo la kushukuru sana. Lakini mwenye bomba hulipa kwa uniti, na asiye na bomba hulipa kwa ndoo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Jirani akimwuzia mwenzake ndoo kwa shilingi 100, basi huyo maskini ameinunua uniti kwa shilingi 5,000. Kila mwanachama mwenye bomba atazame ankara yake jioni hii, aone yeye alilipa ngapi. Tena asiye na shilingi 100 humtuma mtoto, na kwa kawaida ni binti, akachote mbali kabla ya kengele ya shule kulia.

Tumesema ya afya. Tuseme ya shule. Mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na hilo limefungua milango kwa watoto wengi. Lakini shule iliyo katika mtaa uliobanana haina mahali pa kuongeza darasa hata fedha zikipatikana. Walimu wake wengi hupanga nyumba mitaa mingine, hivyo jioni hakuna aijuaye njaa ya mtaa. Kisha mzazi akipata cheo kidogo, humtoa mwanawe akampeleka shule ya kulipia. Ndugu wanachama, tuungame: sisi ndio wazazi hao. Siku tunapowaondoa watoto wetu, shule ya mtaa haipotezi watoto watatu au wanne tu. Hupoteza watu wanaojua kuandika barua, wanaojua ofisi ipi ipelekewe na nani wa kuulizwa isipojibiwa. Choo cha shule kikibomoka, wanaobaki huona, huhuzunika, na hawajui pa kuanzia. Na sisi tunaojua pa kuanzia hatukioni tena choo kile.

Labda mtu atasema kwamba mtaa si kitu, bali bidii ya mtu. Kwa hilo tuna ushahidi kutoka Marekani. Kati ya 1994 na 1998, katika miji ya Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, serikali yao ilipiga kura kati ya familia maskini. Baadhi ya walioshinda walipewa hati za kuwasaidia kulipa kodi ya nyumba, kwa sharti wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Baada ya miaka mingi wachunguzi waliwafuata. Wanawake waliopata nafasi ile walikuwa na unene wa hatari na kisukari kidogo kuliko wenzao. Na watoto waliohama kabla ya kutimiza miaka 13, walipokuwa watu wazima, walipata mshahara uliozidi wa wenzao waliokosa kura kwa kiasi cha 31 katika 100. Ila wale waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Familia zilikuwa za hali moja, na aliyezitenganisha alikuwa kura peke yake. Kilichobadilika ni mtaa.

Hapo mwanachama aliyelileta shauri atasimama na kusema: basi mmekiri, tuhame! Twamjibu kwa heshima. Ni kweli, anayehama hupata. Lakini wale wa Marekani walihamia katikati ya watu waliokuwapo, wakaingiza watoto wao katika shule za mtaa. Hawakujenga ukuta wakafunga lango nyuma yao. Tena familia zilizoingia katika jaribio lile zote hazikufika 5,000, na nchi nzima ya maskini ikabaki pale ilipokuwa. Kuhama ni dawa ya waliopata kura. Chama chetu kina wanachama wachache. Mji una watu wengi.

Na ukuta wenyewe hautulindi kama tunavyodhani. Mwaka juzi mwenzetu mmoja, akaaye katika mtaa wa lami na bomba, aliuguliwa na mtoto kwa homa ya matumbo. Nyumbani kwake maji huchemshwa na choo ni cha ndani. Mganga alipouliza sana, ikaonekana kwamba mtoto hununua barafu za ukwaju karibu na lango la shule, na barafu hizo zimegandishwa kwa maji ya kisima cha mtaa wa ng'ambo. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alikosa mtihani wake wa mwisho wa mwaka. Yule mama mwuza barafu hakuwa na kosa. Aliuza maji aliyo nayo. Mpishi wetu, mlinzi wetu, mama anayetuletea chakula cha mchana ofisini, wote hulala upande wa pili wa mstari na kuamka kuja kwetu. Watu wa Freetown walipanda kilimani kila jioni, lakini asubuhi walishuka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaogopa kwamba sisi twataka kuanza na ukuta ili tusiutazame ufa.

Wala hatusemi kwamba kila uzio ni mbaya. Wasukuma wa nchi hii tangu zamani wana ngitili. Masika hulifunga eneo la malisho, mtu asiingize mifugo. Kiangazi, nyasi zikiisha kwingine, hulifungua ng'ombe wapate kula. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, nchi yetu ilikuwa imekaribia kuwa jangwa, na ni kwa kuifufua desturi hii kwamba miti ilirudi, katika ngitili za familia na katika ngitili za vijiji. Huo ndio uzio tunaouelewa, uzio wa kutunza kitu mpaka siku ya haja. Ukuta wa kamati hauna siku ya kufunguliwa.

Basi tunaomba mkutano ujao ulipokee shauri, lakini ulibadili katika mambo manne.

La kwanza, fedha za ukuta zitumike kuvuta maji. Kisima kikichimbwa, bomba lifike na upande wa kijiji tutakachopakana nacho, pawe na vituo viwili vya kuchotea maji, na bei iwe ile ile tutakayolipa sisi.

La pili, fedha za shule ya kulipia zijenge madarasa mawili na vyoo katika shule ya msingi iliyo karibu na shamba hilo, kwa kibali cha wakubwa wa elimu. Na angalau wanachama wawili waombe kuingia katika kamati ya shule hiyo, wakaandike zile barua.

La tatu, viwanja visiwe vikubwa vyote. Viwepo na vidogo, ili tarishi, dereva na mlinzi wa ofisi, ambao nao ni watumishi kama sisi, waweze kununua. Tukipima viwanja ambavyo tarishi hawezi kuvifikia, tutakuwa tumeiandika upya ile sheria ya nyumba za mawe, na safari hii kwa mkono wetu wenyewe.

La nne halina gharama. Kila mmoja wetu, mahali pake pa kazi na kwa idhini ya mkuu wake, ahesabu kwa mitaa: wagonjwa wangapi wa kuhara wametoka mtaa upi, watoto wangapi wameacha shule katika mtaa upi. Majina yasiandikwe, maana siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa, hesabu tu. Kila robo ya mwaka hesabu hizo zipelekwe kwa mtendaji na kwa diwani. Mtaa usiomo katika ramani na uwemo katika orodha.

Tunajua kuna mwanachama aliyesubiri miaka mingi apate nyumba mahali pazuri, naye anaona tunampokonya. Hatumpokonyi. Ana haki ya kumtafutia mwanawe mema, na sisi tunao watoto pia. Twamwuliza neno moja tu, naye ajijibu mwenyewe kabla ya siku ya kura: mwanawe atakapotoka nje ya lango, kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kuoa, atakutana na nani? Atakutana na wale wale ambao leo tunataka kuwaacha kando ya dimbwi.

Bwana Mwenyekiti, tumesema machache kwa kadiri ya ujuzi wetu. Penye kosa tunaomba tusahihishwe. Kazi iliyobaki ni ya mkutano.